Kujiamini Tena Baada ya Kuambiwa Una Kisukari

Katika kazi yangu ya uuguzi kwenye kliniki ya kisukari jijini Dar es Salaam, nimeona mara nyingi jinsi mtu anavyopoteza imani na mwili wake siku chache tu baada ya kupewa majibu ya vipimo. Aliyekuwa akila bila wasiwasi huanza kuogopa sahani, aliyekuwa akipanda basi peke yake hadi Mbeya huanza kutafuta wa kumsindikiza, na mama aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba nzima hujikuta akiulizwa na watoto wake kama anaruhusiwa kula embe. Ndugu humwambia ajipe moyo, na sisi wahudumu wa afya humwambia hivyo hivyo. Ninachoamini, baada ya kuwaona wengi wakianguka na kuinuka, ni kwamba kujiamini kwa mwenye kisukari huja kwa ujuzi wa mambo machache yanayotendeka kila siku, na kwamba maneno ya faraja yasiyoandamana na ujuzi huo huisha nguvu mgonjwa anapovuka lango la hospitali.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: mambo ambayo mtu mwenyewe ameyafanya yakafaulu, kuwaona wengine wa hali yake wakiyafanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna mwili wake unavyojisikia wakati wa kuyatenda. Alichokiona kuwa na nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Ndiyo maana mgonjwa mpya simwanzishii orodha ya vyakula vya kuacha. Namwomba anawe mikono, ajitoboe kidole mwenyewe, apime, kisha aniambie anadhani namba ile imetokana na nini.

Hapo kwenye namba ndipo penye kazi kubwa. Watu wengi huisoma mashine ya sukari kama hakimu anayetoa hukumu juu ya tabia zao, na wakiona milimoli 13 kwa lita asubuhi hujilaumu, huficha daftari, au huacha kabisa kupima. Sukari ya damu hupandishwa na mambo mengi ambayo hayahusiani na ulafi: homa na maambukizi, kukosa usingizi, hofu, hedhi, dawa za steroidi, insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari) iliyoharibiwa na joto, au sindano inayochomwa kila siku mahali pale pale mpaka pakafanya uvimbe unaozuia dawa kufyonzwa vizuri. Hata kidole chenye maji ya embe kinaweza kutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Alfajiri, homoni za mwili huliamuru ini liachie sukari ili mtu aamke akiwa na nguvu, na kwa mwenye kisukari sukari hiyo hubaki kwenye damu, kwa hiyo anaweza kulala na 8 akaamka na 11 bila kutia kitu kinywani. Nimewahi kumweleza jambo hili mzee ambaye familia yake ilimshuku kuwa anakula usiku kwa siri, na nilimwona akinyoosha mgongo pale pale kwenye kiti.

Kwa kuwa stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni ghali, ninashauri zitumike kwa jozi: moja kabla ya mlo na nyingine saa mbili baada ya kuanza kula, kwa mlo mmoja unaotaka kuujua, siku tatu au nne tu. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo ni kati ya milimoli 4.4 na 7.2 kwa lita kabla ya kula na chini ya 10 baada ya kula, ingawa mzee au mtu mwenye maradhi mengine huwekewa lengo lililolegezwa. Anayegundua kwa macho yake kwamba ugali wa ukubwa fulani pamoja na maharage na mchicha unampeleka 9, na kwamba ugali uleule ukiongezwa nusu unampeleka 14, hahitaji tena kuuliza kama ugali umekatazwa. Ameshapata kipimo chake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huketi mezani kwa utulivu.

Hofu inayovunja watu zaidi ni ya sukari kushuka. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na akili kuchanganyikiwa ni mambo yanayotisha, hasa yakimpata mtu ndani ya daladala iliyojaa, na baadhi ya wagonjwa baada ya tukio moja tu huamua kimyakimya kuiacha sukari yao ikae juu, jambo ambalo kwa miaka huharibu macho, figo na miguu. Dawa ya hofu hii ni kuufanyia mazoezi utaratibu wenyewe mpaka uzoeleke. Sukari ikiwa chini ya 3.9, kunywa vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini, kisha ule kitu kama mlo unaofuata uko mbali. Chokoleti haifai kwa dharura hii kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Hatari ya sukari kushuka ni kubwa kwa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, hasa wakiruka mlo, wakifanya kazi nzito au wakinywa pombe. Anayetumia vidonge vya metfomini peke yake hupatwa mara chache sana, na kumwambia hivyo waziwazi humwondolea mzigo ambao hakustahili kuubeba.

Kuhusu watu wengine, sikubaliani na wanaosema lazima mgonjwa ajitangaze kwa kila mtu. Wanaopaswa kujua ni wale ambao wangekuwa karibu naye sukari ikishuka: mmoja nyumbani, mmoja kazini au shuleni, na anayesafiri naye. Wanafunzi wa bweni wanaotumia insulini ndio wanaonihuzunisha zaidi, kwa sababu wengine hujichoma chooni kwa kuogopa kudhaniwa wanatumia dawa za kulevya, na mazungumzo mafupi kati ya mzazi na matroni yangeweza kumaliza tatizo hilo. Kwenye harusi, ambako shangazi atasisitiza kwamba kidogo hakidhuru, inasaidia kuwa na jibu lililoandaliwa nyumbani, kwa mfano: "Nashukuru sana shangazi, nimeshakula nilichopanga leo, nisogezee maji." Likitamkwa kwa upole na bila maelezo marefu, shangazi hupata la kusikia na mgonjwa hahitaji kujitetea.

Wagonjwa huniuliza pia juu ya mifano. Mpiga makasia wa Uingereza, Steve Redgrave, aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1997 na mwaka 2000 akatwaa medali yake ya tano ya dhahabu ya Olimpiki huko Sydney. Huo ni mfano mzuri, lakini muuza samaki anayeketi kwenye benchi moja nawe siku ya kliniki, akieleza jinsi anavyobeba insulini yake kwenda soko la samaki la Feri alfajiri, atakufundisha zaidi, kwa kuwa maisha yake yanafanana na yako.

Kwa wanaume kuna jambo linalotafuna kujiamini na ambalo wachache hulitaja, nalo ni kupungua kwa nguvu za kiume. Sukari ya muda mrefu hudhuru mishipa ya damu na ya fahamu, na hali hiyo ina matibabu hospitalini. Anayenunua dawa za mitaani hujiweka hatarini bila sababu. Vilevile, huzuni na kukata tamaa kukidumu zaidi ya wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi au hamu ya chochote, ni dalili za sonona, ambayo huwapata wenye kisukari kwa wingi kuliko wasio nacho na ambayo hutibika.

Sehemu iliyobaki ni ya wenzangu wa kliniki. Mwaka 2017 Chama cha Kisukari cha Marekani na chama cha waelimishaji wa kisukari wa nchi hiyo walitoa mwongozo unaowataka wahudumu waache lugha ya lawama, na ningependa tuufuate hata penye foleni ya watu mia. Badala ya kumwambia mgonjwa "umeshindwa tena", tumuulize ni saa ngapi za siku zinamsumbua zaidi. Nawe msomaji, ukija kliniki, njoo na daftari lenye namba zote, nzuri na mbaya, na swali moja uliloliandika nyumbani, kisha usiondoke kwenye kiti kabla halijajibiwa kwa maneno unayoyaelewa.