Safuwima "kumiliki" sikwensi maana yake nini

Sikwensi ni kihesabio ambacho hifadhidata hukitunza peke yake, nje ya jedwali lolote, na ambacho hutoa namba mpya kila kinapoitwa. Katika PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, neno serial linaloandikwa wakati wa kuunda safuwima si aina halisi ya data, bali ni ufupisho wa mambo manne: kuunda sikwensi, kuifanya safuwima iite nextval (amri ya kuiomba sikwensi namba inayofuata) kama thamani yake ya chaguomsingi, yaani ile inayotumika usipotaja nyingine, kuizuia safuwima isiachwe tupu, na kuiandikisha sikwensi kuwa mali ya safuwima hiyo kwa maneno OWNED BY.

Hilo la nne ndilo linalosemwa vibaya, kwani mara nyingi huelezwa kana kwamba umiliki ndio unaoipatia safuwima namba. Umiliki unahusu uhai wa sikwensi tu: safuwima au jedwali likifutwa, sikwensi nayo inafutwa. Namba zinaletwa na thamani ya chaguomsingi. Ukiiondoa thamani hiyo, umiliki utabaki palepale, lakini kila mstari unaoingizwa bila kutajiwa namba utakataliwa. Kwa upande mwingine, sikwensi isiyo na mmiliki yeyote inaweza kuhudumia jedwali la ankara na la stakabadhi kwa pamoja, na kila moja likapata namba zake bila tatizo. Hata pg_get_serial_sequence, ambayo wengi huiamini ituoneshe namba zinakotoka, hufuata umiliki. Kwa hiyo mtu akiielekeza safuwima kwenye sikwensi nyingine bila kubadili umiliki, itataja ile ya zamani. (Safuwima za IDENTITY, njia nyingine ya kuipa safuwima namba zenyewe, zilizoingia katika toleo la 10 la PostgreSQL mwaka 2017, zimepunguza mkanganyiko huu, kwa kuwa hazitegemei thamani ya chaguomsingi inayoweza kuondolewa kando.)

Tena, viungo vyote viwili, yaani umiliki na thamani ya chaguomsingi, haviifanyi sikwensi itazame kilichomo kwenye jedwali. Ukiingiza mistari yenye namba zake tayari, sikwensi haina habari, na baadaye itatoa namba ambayo imekwisha kutumika. Anayekutana na kosa la namba kujirudia baada ya kuhamisha data, basi, asihangaike na OWNED BY. Aiite setval, amri ya kuipangia sikwensi namba iliyofikia, na kuipa namba kubwa kuliko zote zilizomo katika safuwima.