Bamba Moja, Matundu Manne: Mahali pa Kuanzia Usanifu kwa Kompyuta

Ninapopokea faili la mtu anayejifunza usanifu kwa kompyuta, sianzi kwa kulitazama umbo lenyewe. Ninafungua mchoro wa kwanza uliolizaa umbo hilo, ninatafuta kipimo cha urefu, ninakibadilisha kutoka milimita 100 hadi 140, kisha ninasubiri. Mara nyingi kinachofuata ni vurugu: tundu moja linabaki pale lilipokuwa huku wenzake wakihama, ukingo mmoja unakwenda upogo, na kwenye orodha ya hatua zinachomoza alama nyekundu. Mwenye faili hushangaa, kwa kuwa dakika moja iliyopita kazi yake ilikuwa inapendeza na kila amri aliyoitumia ilikuwa sahihi.

Tatizo lake halihusu amri. Amejifunza programu kama mtu anayejifunza kuchora picha, ilhali kitu ambacho programu hizi huhifadhi ni uhusiano: mstari huu uko sambamba na ule, tundu hili liko umbali kadhaa kutoka ukingoni, duara hili lina kipenyo sawa na lile. Picha tunayoiona kwenye kioo ni matokeo ya uhusiano huo, nayo huchorwa upya kila namba inapobadilika.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika tasnifu yake ya uzamivu pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyoendeshwa kwa kalamu ya mwanga kwenye kompyuta ya TX-2, ambayo tayari iliweza kuambiwa kwamba mistari miwili iwe sambamba au ilingane urefu, nayo ikairekebisha yenyewe. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982 na kuwaingiza watu wengi katika fani hii kupitia kompyuta ndogo, kwa miaka mingi ilifanya kazi zaidi kama meza ya kuchorea: mstari ulikaa pale ulipowekwa hadi mtu aje auhamishe. Pro/ENGINEER ndiyo iliyolifanya umbo linaloongozwa na vipimo na masharti, yaani uhusiano wa aina hiyo unaoandikwa ndani ya mchoro, kuwa bidhaa ya sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980, na SolidWorks ikafuata mwaka 1995. Aliyeanzia kwenye programu za mtindo wa meza ya kuchorea hupata shida kuhamia kwenye hizi za masharti, na ninamwelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia huko na nilichukua muda mrefu kuacha kuburuta mistari kwa kipanya hadi ikae mahali palipoonekana sawa kwa macho.

Njia ninayoiamini ni kuanza na umbo dogo sana na kulihesabu. Chukua mstatili wa kawaida. Mstari mmoja ulio huru unaweza kusogea kwa namna nne, kwa kuwa kila ncha yake inaweza kwenda kushoto na kulia, na pia juu na chini. Mistari minne kwa hiyo ina uhuru wa namna 16. Ukiziunganisha ncha kwenye pembe nne, kila muungano unaondoa namna mbili, na zinabaki 8. Ukisema mistari miwili iwe ya mlalo na miwili iwe ya wima, zinabaki 4. Ukiandika urefu na upana, zinabaki 2, ambazo ni uwezo wa mstatili mzima kuteleza huku na huko kwenye karatasi. Ukiifunga pembe moja kwenye sifuri, pale mihimili inapokutana, hakuna kinachobaki, na mchoro umekamilika kwa maana halisi ya neno hilo.

Wanafunzi wengi hawajawahi kuifanya hesabu hii kwa sababu zana ya mstatili iliyomo kwenye programu huweka yenyewe miunganiko ya pembe pamoja na masharti ya mlalo na wima, kisha inamwachia mtumiaji namna nne tu za mwisho, ambazo ni rahisi kuzisahau. Ndiyo maana ninamtaka anayeanza achore angalau mstatili mmoja kwa mistari minne iliyotengana, aweke kila sharti kwa mkono wake, na baada ya kila sharti aburute pembe moja aone ni kitu gani bado kinacheza. Programu yenyewe humsaidia kwa rangi: katika SolidWorks mistari iliyo huru ni ya bluu na hugeuka myeusi inapofungwa kikamilifu, na katika FreeCAD mchoro uliokamilika hugeuka kijani. Rangi hiyo haisemi kwamba mchoro ni mzuri. Inasema tu kwamba hakuna kilichoachwa kwa bahati. Sharti likizidi, kwa mfano ukiandika tena urefu wa upande wa pili ambao tayari umelazimika kulingana na wa kwanza, programu italalamika, na dawa yake ni kuondoa kimoja kati ya vinavyogongana kuliko kufuta kila kitu na kuanza upya kwa hasira.

Sasa uchukulie mstatili huo kuwa bamba, weka matundu manne juu yake, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe. Matundu yanaweza kupimwa kwa njia mbili zinazotoa picha ileile kabisa. Ya kwanza ni kupima kila tundu kutoka ukingo ulio karibu nalo. Ya pili ni kuyapima matundu yenyewe kwa yenyewe, kutoka kitovu hadi kitovu, kisha kulipanga kundi zima katikati ya bamba. Ukiwa na bamba la milimita 100 huoni tofauti yoyote. Likirefushwa hadi 140, katika njia ya kwanza matundu yatafuata kingo na kuachana, na katika njia ya pili yatabaki yameshikamana katikati. Ipi ni sahihi? Programu haina jibu, kwa sababu jibu liko kwenye kitu kitakachofungwa hapo. Kama bamba linabeba mota ya NEMA 17, ile inayoonekana kwenye printa nyingi za 3D, matundu ya mota hiyo yako milimita 31 kutoka kitovu hadi kitovu, nayo hayatabadilika hata bamba liwe refu kiasi gani. Hapo kupima kutoka ukingoni ni kosa, hata kama kila tundu leo limekaa mahali pake barabara. Kama bamba ni kifuniko cha sanduku chenye skrubu kwenye pembe, umbali kutoka ukingoni ndio wenye maana.

Jambo la pili linalovunja mafaili ya wanaoanza ni kuviringa kona mapema. Kona iliyoviringwa huzaa nyuso na kingo mpya, na hatua zote zilizoshikilia ukingo wa zamani hubaki zikitafuta kitu ambacho hakipo tena au, vibaya zaidi, hushika ukingo usiohusika bila kusema neno. Waundaji wa programu wameupunguza udhaifu huu kwa kiasi kikubwa, na FreeCAD 1.0 ya mwaka 2024 ilipiga hatua kubwa upande huo, lakini mazoea mazuri bado yanashinda: viringa kona mwishoni, na mchoro mpya uuegemeze kwenye bapa za msingi zinazopita kwenye sifuri badala ya uso wowote uliotokea kuwa karibu na kipanya.

Kuhusu njia za mkato za kibodi sina mengi. Zinajifunzika zenyewe kwa matumizi, na mkono wa kushoto huzizoea ndani ya wiki chache.

Vipimo vya faili, yaani kama ni inchi au milimita, hata hivyo, vinastahili tahadhari kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Niliwahi kuchora bamba la inchi 4, nikalitoa kama faili la STL na kulipeleka kuchapishwa bila kukagua. Mfumo wa STL huhifadhi pembetatu na namba tupu. Hauna mahali maalumu pa kuandika iwapo namba hizo ni inchi au milimita. Programu ya printa ikaisoma 4 kama milimita 4, na nikaletewa kipande kidogo kuliko ukucha, mara 25.4 chini ya kile nilichokusudia. Tangu hapo, pale anayepokea anapoweza kuutumia, ninatoa faili la mfumo wa STEP, ambao hubeba kipimo chake ndani ya faili, na STL ninaiacha kwa uchapishaji, baada ya kusoma urefu mmoja ndani ya programu ya printa.

Video za mafunzo nazo zina kasoro moja: humfundisha mtu kufuata mibofyo. Ninayemwelekeza ninamruhusu aitazame video mara moja, kisha aifunge na alijenge umbo lile kwa vipimo tofauti. Kabla hajagusa kipanya huandika kwenye karatasi ni nini kisichobadilika, ni nini kinachoweza kubadilika, na ni nini kinachofuata kingine. Kwa bamba la mota, karatasi ya mmoja wao ilisomeka hivi: matundu yako milimita 31 daima, bamba linazidi matundu kwa milimita 10 kila upande, unene utaamuliwa baadaye, kona zitaviringwa mwisho. Aliyeandika hivyo alimaliza mchoro kwa masharti machache kuliko yangu, na nilipobadilisha ile milimita 10 kuwa 15, hakuna alama nyekundu iliyotokea.