Kahawa haikuletei saratani ya utumbo

Barazani, muuza kahawa akigonga vikombe vyake, hakosekani mzee wa kuonya: "Hiyo chungu inababua utumbo, mwisho wake saratani." Nadhani chanzo ni lile tumbo kuunguruma na kukimbilia choo baada ya kikombe cha pili. Ni kweli kahawa huamsha utumbo mpana ukajikamua, lakini kujikamua si kuchubuka.

Mwaka 1991 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walioko Lyon, Ufaransa, waliishuku kahawa, tena kwa kibofu cha mkojo, si utumbo. Mwaka 2016 walipitia upya tafiti na kuiondolea tuhuma. Kwa utumbo mpana, tafiti kadhaa hata zimekuta wanywaji wakiugua kidogo kuliko wengine, ingawa hiyo haiifanyi kahawa kuwa dawa. Chai nayo haijaonekana kuongeza hatari hiyo.

Kuna jambo moja ambalo mzee amelikaribia bila kujua: moto. Kinywaji kinachozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kiwe chai, kahawa au maji matupu, huenda kikachangia saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni. Basi chai ya maziwa ikitoka jikoni inafuka, iache ipoe kwanza.

Utumbo mpana una maadui wengine: soseji na nyama nyingine za kusindikwa, pombe, sigara, unene, kukaa tu. Na ukiona damu chooni, usisingizie kahawa; nenda hospitali.