Kiboko, oili chafu na ukoka: viwanja vya gofu vya kandokando ya Ziwa

Hapa Mwanza mtu akijua kazi yangu ni nyasi na mifereji ya viwanja, ataanza na habari za uwanja wa mpira wa Kirumba, halafu ataingia kwenye gofu: hivi wakoloni walikuwa na akili gani kuweka viwanja vyao kwenye matope ya ufukwe wa Ziwa Victoria, wakati vilima vya kupunga upepo vilikuwepo? Jibu ni kwamba vilimani walijenga nyumba. Gofu ikapewa ardhi iliyobaki, na ardhi hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, bandari ikiitwa bado Port Florence. Ng'ambo ya maji, Entebbe ilikuwa tayari makao ya serikali ya Uganda, na klabu yake ya gofu, ya mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, ndiyo inayotajwa kuwa kongwe Afrika Mashariki, ikiitangulia hata Royal Nairobi ya mwaka 1906. Kisumu ikapata Nyanza Club, Jinja nayo ikawa na yake pale Nile inapotokea. Sisi huku tulikuwa chini ya Wajerumani mpaka 1916, na reli ya kutoka Tabora haikutufikia hadi 1928. Gofu ni mchezo wa Waskoti, ukafuata bendera ya Uingereza.

Sasa tuwaangalie madaktari, maana wanasahaulika. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba vimelea vya malaria vinakaa ndani ya mbu. Kwa watawala wa wakati ule ugunduzi huo uligeuka sera ya mipango miji: kaa mbali na mbu, na kaa mbali na watu unaodhani mbu wanapata malaria kwao. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizunguka Afrika Mashariki kukagua afya ya miji, akapendekeza makazi ya Wazungu yatenganishwe na ya Wahindi na Waafrika kwa ukanda mtupu wa yadi 300, karibu mita 275. Ukanda ambao hakuna anayelala. Ubaguzi uliovaa koti la daktari, basi. Lakini ukanda mtupu ukiachwa hivi hivi unaota vichaka, na kufyeka kunahitaji bajeti. Klabu ya gofu inafyeka kwa pesa za wanachama. Kampala ndiko mambo yanaonekana vizuri zaidi: uwanja umelala kwenye bonde la Kitante, kati ya kilima cha Nakasero na cha Kololo. Sidai kwamba kila shimo la gofu lilichorwa na daktari. Nasema tu kwamba ofisa wa ardhi aliyeombwa eneo la gofu alikuwa na jibu tayari: chukueni bonde.

Na ufukweni kulikuwa na malale. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 upande wa kaskazini wa Ziwa. Kuanzia 1906 serikali ya Uganda ikawahamisha watu kutoka ufukweni na kufyeka vichaka ili mbung'o wanaoueneza wakose kivuli. Nyasi fupi kando ya maji zikawa dawa kabla hazijawa burudani.

Ardhi ya namna hiyo, yaani udongo mzito wa mfinyanzi unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi, haikubali kwa urahisi griini ya nyasi (lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo), hasa kama huna mashine ya kukata kwa milimita wala bomba la kumwagilia. Ndiyo maana viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki vilitumia brauni badala ya griini. Brauni ni duara la mchanga. Unachekecha mchanga mpaka ubaki wa saizi moja, unauchanganya na oili chafu ya injini, unautandaza juu ya udongo ulioshindiliwa. Oili inaufanya mchanga uwe mzito usipeperuke, magugu hayaoti, na mvua inateleza juu badala ya kuchimba. Pembeni kuna ubao au chuma bapa chenye mpini mrefu. Kabla ya kusukuma mpira kwenda shimoni, kedi, yaani mbeba vijiti wa mchezaji, anaburuta kile chuma kufuta nyayo na kulainisha njia. Mpira kwenye brauni nzuri unakwenda polepole lakini kwa uaminifu, haukengeuki. Mimi ni mtu wa nyasi, na bado naziheshimu brauni: hazinywi maji, haziugui ukungu. Ubaya wake ni ile oili, ambayo mwisho wa safari yake ni ziwani.

Halafu kuna kiboko. Mchana yuko majini. Usiku anatoka kula, karibu kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na anapenda majani mafupi mabichi. Kwa lugha ya kiboko, feawei (njia ya nyasi fupi inayoelekea griini) ni shamba lililoandaliwa kwa ajili yake. Anapita njia ileile kila siku, na njia yake huitambui kwa nyayo peke yake: ni mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati, kwa sababu miguu yake imekaa mbali kulia na kushoto. Kwenye ukoka uliolowa, kila unyayo ni kishimo cha vidole vinne ambacho mpira wa gofu unaingia kama yai kwenye kiota.

Nyanza Club ya Kisumu ikatunga kanuni yake ya uwanja, ambayo wachezaji wa dunia nzima wanaisimulia: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha hatari, angusha mwingine mahali salama, usiusogeze karibu zaidi na shimo, wala huhesabiwi adhabu. Jinja nao waliruhusu kuutoa mpira kwenye unyayo wa kiboko. Watu wanacheka, lakini hizo ni kanuni zilizofikiriwa. Kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika 2019 zina kifungu cha 16.2 kuhusu wanyama hatari, kinachotaja nyoka wenye sumu, nyuki na hata dubu, na msamaha wake unafanana sana na ule wa Kisumu. Unyayo una kesi tofauti. Kwa kanuni za leo alama ya mguu wa mnyama si shimo la mnyama, lile linalokupa msamaha bila adhabu. Kwenye griini unaruhusiwa kuirekebisha, ila kwenye feawei unapiga mpira ulipo, isipokuwa kamati imeamua vingine. Kwa hiyo Jinja wangehitaji kanuni yao mpaka leo.

Nyasi nitazipitia haraka. Ukoka wetu wa kawaida ulichukuliwa na watafiti wa Tifton, Georgia, Marekani, ukachanganywa mbegu na ndugu yake wa Afrika Kusini, na mwaka 1956 ikatoka aina iitwayo Tifgreen, iliyobadilisha griini za nchi za joto. Haitoi mbegu inayoota, hivyo hupandwa kwa vipande vya mashina. Unalipia dola kurudishiwa mjukuu wa jani lililokuwa likiliwa na mbuzi wako.

Kuhusu wanachama: enzi za ukoloni Mwafrika aliingia kama kedi, mfyekaji au mhudumu wa baa. Makedi waliujifunza mchezo kwa kuutazama, na baada ya uhuru wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa wametoka kwenye kundi hilo. Wanachama walikuwa na vikombe, makedi walikuwa na mikono.

Kwa wanaoniuliza kama Mwanza panafaa uwanja mpya: mashimo 18 yanataka ekari 120 na zaidi, na sisi tumejaliwa mawe kuliko tambarare. Tambarare iliyopo iko ufukweni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Ziwa lenyewe halitulii. Mei 1964 lilifika mita 13.41 kwenye kipimo cha usawa wa maji cha Jinja. Mei 2020 likapita hapo, likafika 13.42. Anayechora uwanja apime kutoka alama ya juu kabisa ambayo ziwa limewahi kufika, asipime kutoka maji anayoyaona kiangazi. Mbolea atie kidogo kidogo na aiache kabisa wiki za mvua kubwa, maana nitrojeni inayotoroka inalisha gugumaji. Na mifereji yote imwagie kwanza kwenye bwawa la matete ndani ya uwanja, kabla ya kugusa zile mita 60.