Je, wajua uzito wa albamu ya Oceanic unatoka wapi?

Jibu la haraka huwa hili: ni sauti kubwa. Magitaa yamefunguliwa hadi mwisho, spika zinatetemeka, yamekwisha. Wengi wetu tulianza na jibu hilo, na ni kosa. Zipo albamu nyingi za metali ya kasi, ule muziki wa roki mzito wa magitaa, zenye sauti kubwa kuliko Oceanic kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na baada ya nyimbo tatu sikio limeshazoea, uzito hauhisiki tena.

Albamu yenyewe ni ya kundi la Isis la Boston, Marekani. Ilitoka mwaka 2002 chini ya kampuni ya Ipecac Recordings, mtayarishaji akiwa Matt Bayles. Ina nyimbo tisa, saa moja na ushee, na inasimulia mtu aliyevunjika moyo na mwisho wake majini.

Tuanze na mkwaruzo wa gitaa. Gitaa safi ukilipapasa, sauti ni ndogo. Ukilipiga kwa nguvu, sauti inapanda. Lipitishe sasa kwenye amplifaya iliyofunguliwa sana: vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, kwa sababu mashine imefika mwisho wa uwezo wake. Ni kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Hata ukifungua bomba zaidi, maji ndani ya ndoo hayaongezeki, yanamwagika. Mpigaji anatia nguvu mkononi, msikilizaji anapata mkwaruzo mkali zaidi, lakini ukubwa wa sauti ni karibu uleule.

Basi tuongeze magitaa? Gitaa la pili lenye nguvu sawa huongeza takriban desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). La tatu hufikisha karibu 5. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, zinahitajika kama desibeli 10, yaani magitaa kumi badala ya moja.

Dari haipandi, kwa hiyo Isis wakateremsha sakafu, yaani zile sehemu tulivu. Wimbo wa “Carry” unaanza kwa gitaa laini na nafasi kubwa kati ya noti, muda wa kutosha sikio kujipimia upya nini ni kidogo na nini ni kingi. Magitaa mazito yanapoingia, ni kama kutoka chumba chenye giza ukakutana na jua la saa saba mchana: jua ni lile la kila siku, jicho ndilo lilikuwa limezoea giza. Ndani ya sikio kuna pia kamsuli kanakojikaza sauti ikizidi na kupunguza hasa sauti za chini. Huenda ukimya unakapumzisha, ila kwenye usikilizaji wa muziki ushahidi wa hilo ni mwembamba. Hoja ya tofauti inasimama bila hilo.

Udhaifu wa mbinu hii umo humohumo. Ukifika wimbo wa “From Sinking” umeshaujua mpango, na mlipuko unautabiri kabla haujaja. Sauti ya Aaron Turner, mwimbaji wa Isis, nayo imezikwa chini ya magitaa, hivyo kisa chote kinapotea kwa asiyesoma mashairi. “Weight” ndiyo kilele: zaidi ya dakika kumi za kupanda taratibu, sauti ya mwimbaji mgeni Maria Christopher ikielea juu.

Namna ya kuisikiliza: pima sauti kwenye sehemu nzito kuliko zote, kisha usiguse tena. Anayeongeza penye utulivu na kupunguza penye kishindo ameirudisha sakafu juu. Zima mpangilio wa kifaa unaosawazisha sauti ndogo na kubwa. Spika ya simu haifai: uzi wa gitaa ulioshushwa hadi noti ya B, desturi ya muziki huu, hutetemeka karibu hezi 62 (mara 62 kwa sekunde), na spika hiyo hutoa kidogo sana chini ya 200. Ubongo huijaza noti kutokana na sauti za juu yake, lakini kifua hakipati msukumo. Tumia hedifoni zinazofunika sikio zima, na usiruke “Maritime”, zile dakika tatu kabla ya “Weight”. Hiyo ndiyo sakafu.