Mwizi wa Gare de Lyon hakuiba riwaya

Mwaka huu peke yake nimesoma miswada minne ya tamthilia iliyojengwa juu ya msingi uleule. Kuna kijana mwandishi asiye na senti, kuna mke anayempenda, kuna mswada wa ajabu ambao haujasomwa na mtu, na kuna treni. Mswada unaibwa, mapenzi yanavunjika, na katika onyesho la mwisho mwizi aliyekwisha kuwa tajiri anausoma mbele ya hadhira huku mzee mmoja amesimama nyuma ya ukumbi. Nikiwauliza waandishi wametoa wapi jambo hili, jibu ni moja: lilitokea kweli, kwa Hemingway, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani. Katika warsha ya mwezi uliopita mshiriki mmoja alikwenda mbali zaidi akaniambia, kwa upole wa mtu anayemkumbusha mkubwa wake, "Lakini mama, si ndiyo sababu alimwacha yule mke aliyempotezea riwaya?" Vichwa vyote mezani vikatikisika kukubali. Kazi yangu ni kuhariri tamthilia, na kwa miaka mingi nimejifunza kunyamaza wakati wa warsha. Leo sinyamazi.

Desemba 1922 Ernest Hemingway alikuwa Lausanne, Uswisi, akiripoti mkutano wa amani na Uturuki kwa niaba ya gazeti la Toronto Star. Mkewe, Hadley Richardson, alikuwa amebaki Paris, katika nyumba yao ya kupanga ya Rue du Cardinal Lemoine, na alipojiandaa kumfuata alikusanya karatasi zote za kazi ya mumewe alizoziona akazitia katika sanduku dogo la mkononi. Katika kituo cha Gare de Lyon aliliacha sanduku hilo kwa muda mfupi (masimulizi yanayorudiwa zaidi yanasema alikwenda kununua maji ya safari), na aliporudi hakulikuta. Halijaonekana hadi leo.

Sasa tuseme wazi kilichokuwamo. Palikuwa na hadithi fupi, mashairi, na mwanzo wa riwaya. Riwaya iliyokamilika haikuwamo. Mwandishi mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 23, alikuwa akijulikana kama mwanahabari tu, na hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja. Aliyelichukua sanduku kituoni hakuwa akiwinda fasihi. Aliona sanduku lisilo na mwenyewe, na nadhani alipolifungua akakuta karatasi za Kiingereza zilizopigwa taipureta alitukana. Katika tamthilia zote nne nilizosoma, mwizi anaufungua mswada, anasoma ukurasa wa kwanza, na machozi yanamlengalenga. Ningependa sana kumpata msomaji wa namna hiyo kwenye ofisi za wachapishaji.

Suala la sheria nalipita haraka, kwa sababu halinikeri sana. Karatasi ni mali moja na maneno yaliyoandikwa juu yake ni mali nyingine. Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshtaki mchapishaji Edmund Curll kwa kuchapisha barua zake, na mahakama ya Uingereza ikaamua kwamba aliyepokea barua anamiliki karatasi, lakini haki ya kuichapisha inabaki kwa aliyeiandika. Kwa hiyo mhusika wako anayesema "Mswada uko mikononi mwangu, sasa ni wangu" anasema upuuzi. Unaruhusiwa kumwacha aseme upuuzi, ila mhusika mmoja angalau lazima ajue kwamba ni upuuzi.

Kinachonikera hasa ni nakala za kaboni. Kila anayesimulia kisa hiki hufika hapa na kutoa mguno: "Halafu alibeba na nakala!" Ni kweli, Hadley alipakia rasimu za mkono, kurasa zilizopigwa chapa, pamoja na nakala zake. Kutokana na hilo watu wamemfanya mwanamke mzembe, au mjinga, na tamthilia mbili kati ya nne zinamfanya mwanamke mwenye kisasi. Hakuna hata moja iliyojiuliza nakala ya kaboni ni kitu gani.

Wale ambao hamkuwahi kutumia taipureta, nisikilizeni. Unaweka karatasi nyeupe juu, karatasi ya kaboni katikati, karatasi nyingine chini, unazipachika zote pamoja na kuzigonga. Unapata nakala ya pili iliyofifia kidogo, na ukiongeza tabaka la tatu unapata nakala ambayo herufi zake zimevimba kama zimenyeshewa. Ukikosea, unafuta juu na kufuta chini, au unaacha kufuta chini kwa sababu umechoka. Kisha mwandishi anaichukua nakala ya juu na kuanza kuikata kwa kalamu. Siku nyingine anasahau ilipo, anachukua ya chini na kuikata hiyo. Baada ya miezi miwili una rasimu ya mkono yenye sentensi ambazo hazimo kwenye chapa, una chapa yenye masahihisho ambayo hayamo kwenye nakala, na una nakala yenye mstari mmoja pembeni ambao ndio bora kuliko yote. Nilianza kazi hii wakati ambapo michezo ya kikundi chetu ilipigwa chapa kwa njia hiyo, na ninawaambia kwamba sikuwahi kuona jozi ya "asili" na "nakala" iliyolingana.

Kwa hiyo mtu anayetaka kumpelekea mwandishi kazi yake ili aweze kuiendeleza wakati wa mapumziko ya milimani hawezi kuchagua karatasi moja na kuacha nyingine, isipokuwa awe ndiye mwandishi. Huko Lausanne alikuwako pia mwanahabari Lincoln Steffens, ambaye alikuwa amesoma kazi ya kijana huyu na kuisifu. Hadley alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mumewe angependa kumwonyesha nyingine. Alibeba vyote kwa sababu hakutaka kupungukiwa na kitu. Kosa lake, kama mnataka kuliita kosa, ni la mtu aliyejali kupita kiasi, na huyo ndiye mhusika ambaye mwandishi wa tamthilia anapaswa kumtafuta kwa tochi mchana. Ninyi mnamtupa na kuweka mzembe mahali pake. Na kabla hamjamcheka, angalieni flashi yenye nakala ya akiba ya mchezo wenu mnaihifadhi wapi. Wengi wenu mnaihifadhi ndani ya mfuko wa kompyuta yenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo sisi wahariri tunalipenda kwa sababu zisizo nzuri sana. Baadhi ya kazi ziliokoka. Hadithi moja ilikuwa imesukumwa ndani ya droo na kusahaulika, kwa kuwa Gertrude Stein, mwandishi mwenzake wa Paris, alikuwa amemwambia mwandishi kwamba haichapishiki. Nyingine ilikuwa imetumwa kwa mhariri wa jarida, na mhariri akaikataa. Yaani kilichosalimika ni kile ambacho mtu alikwisha kukikataa. Mwaka uliofuata, 1923, hadithi hizo mbili zilichapishwa Paris pamoja na nyingine moja na mashairi kumi, nakala 300 tu, na hicho kikawa kitabu chake cha kwanza. Tamthilia yenye jambo hili ndani yake ningeifadhili kwa mshahara wangu. Sijaiona.

Hapa sina budi kukiri jambo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba hasara ile ilimnufaisha, kwamba ilimlazimisha kuanza upya kwa sentensi fupi zilizokazwa. Ni fundisho linalopendeza, linafariji, na siwezi kulithibitisha, kwa sababu ili kulithibitisha ningehitaji kusoma zile kurasa zilizopotea. Huenda zilikuwa mbovu, na huenda zilikuwa nzuri kuliko zilizofuata. Mifano ya wengine hainisaidii. Thomas Carlyle aliazimisha mswada wa juzuu ya kwanza ya historia yake ya Mapinduzi ya Ufaransa kwa rafiki yake John Stuart Mill, ukateketezwa mwaka 1835 kama karatasi za taka, akauandika upya wote na kitabu kikatoka mwaka 1837. T. E. Lawrence alipoteza mswada wake kwenye kituo cha treni cha Reading mwaka 1919, naye akauandika tena. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, alinyang'anywa riwaya aliyokuwa akiiandika kwa Kigikuyu juu ya karatasi za msalani, kisha akarudishiwa, ikachapishwa mwaka 1980. Hao watatu walikuwa na kitabu kimoja chenye umbo. Hemingway alikuwa na rundo la mazoezi ya ujana, na rundo la namna hiyo haliandikwi tena. Mtu hulilia, kisha huandika mengine. Kwa nini basi nimekuwa nikisema "lilimnufaisha"? Kwa sababu darasani ukimya baada ya swali gumu ni mrefu, na nilitaka kuujaza.

Turudi kwenye ndoa, kwa sababu ndiko yule mshiriki wangu mpole alikonichokoza. Sanduku lilipotea Desemba 1922. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Oktoba 1923, na hesabu ya miezi mnaijua wenyewe. Waliendelea kuishi pamoja miaka kadhaa zaidi, hadi Hemingway alipompenda mwanamke mwingine, Pauline Pfeiffer. Talaka ilitoka mwaka 1927 na mwaka huohuo akamwoa huyo Pauline. Riwaya yake ya mwaka 1926 aliitabaruku kwa Hadley na mtoto wao, na mapato yake akamwachia Hadley. Mke huyu hakuachwa kwa sababu ya sanduku. Aliachwa kwa sababu iliyo ya kawaida kabisa, inayofanya wake wengi waachwe kila mahali, na labda ndiyo maana waandishi wa tamthilia hawaitaki: haina treni.

Lakini siwezi kuishia hapo kwa ushindi, kwa sababu tarehe hazisemi kila kitu kuhusu moyo. Miaka mingi baadaye Hemingway aliandika riwaya, iliyochapishwa baada ya kifo chake, ambamo mke anazichoma hadithi za mumewe kwa makusudi. Na katika kumbukumbu zake za Paris, zilizotoka mwaka 1964 naye akiwa amekwisha kufariki, anaeleza jinsi Hadley alivyolia hata akashindwa kumwambia kilichotokea, na jinsi yeye alivyomtuliza mpaka aliposikia kwamba nakala nazo zimepotea. Anasema alipanda treni kwenda Paris kuhakikisha. Anasema anakumbuka alichokifanya usiku ule alipoingia katika nyumba ile, kisha haelezi alifanya nini. Wapo waandishi wa wasifu wake wanaotilia shaka kama alisafiri siku zile kweli, kwa kuwa tarehe wanazozipata wao zinamweka Uswisi hadi Januari. Ikiwa shaka hiyo ni ya haki, basi mzee aliyekaribia mwisho wa maisha yake alijitungia usiku mmoja wa huzuni katika chumba kitupu, na akaona ni bora asituambie kilichotendeka humo. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na bado sijui niisome kama ushahidi au kama tamthilia.

Labda ninamtetea Hadley kwa sababu zangu. Zamani nilikabidhiwa mchezo wa mzee mmoja, umeandikwa kwa mkono katika madaftari mawili ya shule, nami nikayasahau kwenye basi la mkoani pamoja na mfuko wa machungwa. Nilikwenda kituoni siku nne mfululizo. Mzee aliponisikiliza alisema, "Hayo ni makaratasi tu, binti yangu," akaniagizia chai. Hakuandika tena ule mchezo. Sijui kama alishindwa, au hakutaka, au alikuwa akinihurumia kwa kutonikumbusha. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba tangu siku ile nilipokuwa nikimsalimu nilikuwa wa kwanza kuangalia chini.

Ndiyo maana kwenye mswada wa nne, ambao ni mzuri kuliko ile mitatu, nilifuta kwa kalamu nyekundu maonyesho yote ya mwizi na kuandika pembeni: "Huyu atoke. Anza pale treni inaposimama Lausanne, mume akingoja chini, mke akiwa bado ndani ya behewa na hawezi kushuka." Mwandishi wake ni kijana msikivu, alinishukuru kwa heshima zote na kuahidi kurekebisha. Jana usiku aliniandikia tena. Amemtoa mwizi, amebaki na mume, mke na behewa, ila anauliza kama polisi anaweza kubaki, kwa sababu rafiki yake alikwisha kuishona sare.