Je, wajua kwa nini sungura wa California ana pua na masikio meusi?

Kwenye banda la shangazi yangu kule Uyole, Mbeya, kuna sungura jike mweupe pee, isipokuwa pua, masikio, miguu na mkia. Huko ni mweusi tii. Kwa muda mrefu niliamini ni masizi, maana banda limeegemea jiko la kuni. Nikampangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kitambaa kikabaki safi. Nikashika dhana nyingine: baba yake alikuwa mweusi, na huo ndio mchanganyiko wa damu. Dhana hiyo wafugaji wengi wanayo, na si kweli. Angekuwa chotara, watoto wake wangetofautiana. Huyu akipandishwa na dume wa aina yake, wote wanafanana naye, weusi pale pale kwenye pua, masikio, miguu na mkia. Ndizo sehemu zinazotangulia kushikwa na baridi ya kipupwe.

Weusi wa manyoya ni melanini, na haitengenezwi bila kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi za mwili, kiitwacho tairosinesi. Sungura huyu amerithi tairosinesi isiyovumilia joto. Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya yameganda, unayachokoa kwa kijiti. Ibane chupa kwapani kidogo, yanalegea. Kimeng'enya hiki nacho hushika umbo penye ubaridi na kulipoteza penye joto. Hakiyeyuki kama mafuta, lakini umbo likiharibika, kazi imesimama. Mgongoni na tumboni kuna joto la mwili, nyuzi 38 hadi 40 hivi, basi rangi haitokei. Masikioni pamepoa, rangi inatengenezwa. Macho nayo, kwa kuwa yamekaa ndani kwenye joto, hubaki mekundu.

Ndiyo sababu watoto huota manyoya meupe kiotani, wakiwa wamefunikwa na manyoya ambayo mama amejinyonyoa, na pua huanza kuiva wiki chache baadaye. Watafiti waliwahi kumnyoa mgongoni sungura wa Himalaya, mmoja wa mababu wa huyu wa California, wakamfunga barafu hapo. Manyoya mapya yakaota meusi.

Hali hiyo ipo pia kwa paka wa Siam, na hata kwa minki, mnyama wa jamii ya kicheche anayefugwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya manyoya. Minki wa porini ni kahawia iliyokolea. Mabandani zimezuka rangi chungu nzima, na mojawapo, iitwayo Himalaya, ni mwili mweupe wenye ncha nyeusi.

Lakini si kila sungura mweupe yumo. Yule wa New Zealand hana melanini kabisa. Hata umpeleke Kitulo kwenye sakitu, atabaki mweupe.

Juni iliyopita shangazi alimnyoa jike wake mgongoni, upana wa kiganja, atibu kidonda. Kufikia Agosti manyoya yalikuwa yamerudi, kijivu kilichokolea. "Njoo uone, mwanangu," akanipigia simu, "kabla hayajanyonyoka."